NGUO MBILI ZA UONGO: MZEE MSTAAFU, SIMU YAKE NA PICHA YA MAKKA



Ndugu zangu katika imani, juzi baada ya swala ya Alasiri nilitumiwa klipu ya kijana wetu mmoja wa daawa hapa Iringa. Anamshambulia mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Majina yao siyataji, na nawaomba msiyatafute kwenye maoni hapa chini. Kosa la mzee ni kwamba tangu astaafu amejifunza kuchezea picha kwenye simu. Anapiga picha, anakata huku, anabandika kule, anageuza rangi, anaongeza mwezi mahali ambapo hapakuwa na mwezi. Kijana kasema huo ni ushirikina, mzee anashindana na Allah katika kuumba. Kisha akamaliza kwa kusema wazee wa namna hii wakae msikitini wasubiri mauti.

Nimeisikiliza mara mbili. Wallahi imeniuma, na sitanyamaza.

Kijana wangu, hadithi ulizozisoma ni sahihi. Makemeo juu ya watengeneza sura yamo katika Bukhari na Muslim, hakuna wa kuyapinga. Lakini umesoma nusu ya mlango ukaufunga. Katika Bukhari humo humo yupo mtu aliyemjia Ibn Abbas akamwambia kwamba riziki yake inatokana na kazi ya mikono, anatengeneza sura. Ibn Abbas akamsomea makemeo hayo mpaka yule mtu akabadilika uso. Baada ya hapo hakumwacha hivyo hivyo! Alimwelekeza atengeneze miti na kila kisicho na roho. Sasa mzee huyu, kazi zake nyingi ni nini? Nguzo za mawe za Isimila amezitia rangi ya bahari. Jiwe la Gangilonga ameliwekea mwezi mkubwa nyuma yake. Mto Ruaha ameugeuza ukawa kama moshi. Kuna roho gani kwenye jiwe?

Na hata picha ya mtu iliyopigwa kwa kamera, maulamaa hawakuwa na kauli moja. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala kuiruhusu, kwa hoja kwamba kamera inazuia kivuli cha kile alichokwisha kukiumba Allah, haiumbi kipya. Sheikh Ibn Baz aliikataza isipokuwa kwa dharura. Wote ni milima ya elimu. Wewe umesimama wapi kati yao hata umtoe mzee kwenye dini kwa klipu? Tena umejirekodi kwa kamera, sura yako imejaa kioo kizima, na ngozi umeilainisha kwa ile programu ya urembo. Tusidanganyane.

Isitoshe jambo hili si geni kwetu Waswahili. Pale Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, Muislamu, mwenye studio ya picha. Miongo mingi kabla ya simu janja alikuwa akikata picha na kuziunganisha, uso wa mtu ukatokea ndani ya ua. Hoja ya picha kwenye pwani yetu imejadiliwa tangu enzi za babu zetu, na bado haijatolewa hukumu moja ya kumkata mtu shingo.

Haya, kijana nimemaliza naye. Sasa mzee.

Nilikwenda kwake Kihesa. Baridi ya Julai mnaijua wenyewe, tukakaa karibu na jiko la mkaa, chai ya tangawizi, akanifungulia simu. Nilifurahi. Mtu amefundisha miaka zaidi ya thelathini, amefika sitini, ameambiwa asante, amehesabiwa mafao kwa kikokotoo, karudi nyumbani kimya kimejaa. Wenzake wengine wanagombana na wake zao kuanzia asubuhi. Yeye anatoka na simu kuangalia maumbile ya Allah. Kuna ubaya gani?

Halafu akanionyesha picha moja, yeye na marehemu mkewe wamesimama mbele ya Al-Kaaba. Yeye amevaa ihramu, mkewe amevaa nguo nyeupe na shungi. Nikamwambia, "Mzee wangu, mbona sikujua kama mlikwenda?" Akanyamaza. Hawakwenda. Mama yule alikuwa na biashara ya vitenge, aliweka akiba ya Hija ikatimia, maradhi yakamtangulia. Akiba ikagawanywa pamoja na mali nyingine. Mzee, kwa majonzi yake, akampeleka Makka kwa simu. Kisha akairusha kwenye kundi la familia.

Wallahi nilimwonea huruma. Lakini huruma haihalalishi kitu.

Aliniambia, "Sheikh, sikusema uongo. Sikuandika hata neno moja chini yake." Hapa ndipo penye mtego, ndugu zangu, na ndipo wengi tunapoanguka. Mwanamke mmoja alimuuliza Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, kama kuna ubaya akimwonyesha mke mwenzake kwamba mume amempa kitu ambacho hakumpa. Akajibiwa kwamba anayejionyesha kushiba kwa kile asichopewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uongo. Imo katika Bukhari na Muslim. Nguo mbili! Na ihramu ya mwanamume ni nguo ngapi? Nilipomwambia hivyo mzee aliweka kikombe chini.

Picha inasema hata usipoandika. Ndugu walijibu, "Hija maqbul, Mama alikuwa na bahati." Mpwa mmoja kaichapisha, kaitia fremu, imetundikwa sebuleni. Mjukuu kawaambia wenzake madrasa kwamba bibi yake ni Hajati. Na mzee huyu alikuwa mwalimu wa historia! Tena ameshatunga sura ya Mtwa Mkwawa amesimama mbele ya ngome. Nikamuuliza: fuvu lile la Kalenga lilirudishwa mwaka 1954, zaidi ya nusu karne tangu afariki mwaka 1898, watu wakihangaika kulitafuta. Wajukuu zako kesho watajuaje kipi kilitoka kwenye kaburi na kipi kilitoka kwenye simu yako?

(Wale mnaobandika vichwa vya masheikh kwenye mikutano ambayo hawakuhudhuria, nanyi mmesikia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, lakini mimi nawakumbusha Surat Al-Hujurat, aya ya sita.)

Lakini kubwa kuliko yote ni haki ya marehemu. Mwanamke wa Juhayna alimuuliza Mtume kuhusu mama yake aliyeweka nadhiri ya kuhiji akafa kabla, akaamrishwa amhijie, kwa kuwa ni deni kama madeni mengine na Allah ana haki zaidi ya kulipwa. Na kwa madhehebu yetu ya Shafii, aliyekuwa na uwezo akafa hajahiji, inatolewa katika mali yake. Sasa mama huyu alikuwa na uwezo, akiba ilishatimia. Nani atamhijia, ikiwa watoto wote wanaiona picha yake mbele ya Al-Kaaba? Picha imelifuta deni machoni mwa warithi, na kwa Allah halijafutika. Mzee alidhani anampa mkewe zawadi, kumbe amemfungia mlango.

Alilia. Sikumkataza.

Jana usiku aliandika kwenye kundi lao, akaniruhusu niwasomee: "Ile picha niliitunga mwenyewe. Mama yenu hakufika Makka. Nisameheni." Mpwa ameishusha fremu. Watoto wawili wameshaahidi kurudisha mafungu yao. Kijana wa daawa bado hajafuta klipu, nimempigia mara tatu hapokei. Picha za Isimila nimemwambia mzee aendelee nazo, na moja ameniahidi niiweke ofisini kwangu.

Mwenye kujua taasisi yenye uaminifu inayosimamia Hija ya badali, aniandikie faragha, mzee anauliza gharama.

Wallahu a'lam.