Sanduku la Babu Chini ya Kitanda

Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala, walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara, Simba na Yanga wakabaki kutazama. Vijana wale leo ni mababu. Kama mmoja wao yuko kwenu, mzazi, fungua sanduku lake la picha na vipande vya magazeti kabla mvua za Rungwe hazijayamaliza. Karatasi zenye unyevu huota ukungu, na ukungu huamsha kifua cha mtoto mwenye pumu. Zitoe barazani, kivulini, watoto wakae mbali. Vaa barakoa, pangusa kwa brashi laini. Kisha mwite babu ataje kila sura, maana gazeti halikuandika wote. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli, wino hupenya.