Nani Aliyehesabu Mlolongo?



Zipo sifa ambazo Kanisa la Kenya limezipata kwa jasho na machozi, nasi hatuna nia ya kuzipunguza. Mwaka 1986, chama cha KANU kilipoamua kwamba wananchi wateue wagombea kwa kupanga mlolongo nyuma yao mchana kweupe, Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya lilipinga. Aprili 1989, Askofu David Gitari, aliyekuwa amekemea wizi wa kura, alivamiwa nyumbani kwake usiku, akajiokoa kwa kupanda juu ya paa. Tarehe 1 Januari 1990, Mchungaji Timothy Njoya alihoji mimbarini iwapo utawala wa chama kimoja ungedumu huku ukiporomoka Ulaya Mashariki. Askofu Henry Okullu naye alidai vyama vingi hadharani. Mlolongo uliondolewa Desemba 1990, na kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kisheria, kikafutwa Desemba 1991.

Haya yote twayashukuru. Hata hivyo, lipo swali ambalo halisikiki katika ibada za shukrani, nasi twaliuliza leo bila kuuma maneno: nani aliyehesabu mlolongo?

Tukumbuke ilivyokuwa Februari 1988. Watu walisimama uwanjani, kila kundi nyuma ya mgombea wake au picha yake. Hata mtoto aliyebebwa mgongoni angeweza kuonyesha kwa kidole mlolongo ulio mrefu. Lakini katika sehemu nyingi za nchi, mwenye mlolongo mfupi ndiye aliyetangazwa mshindi. Aliyetangazwa kuwa amepata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja hadi Bungeni, bila kura ya siri. Watu walipotawanyika, hapakuwa na karatasi ya kuhesabiwa upya. Kilichobaki ni tarakimu iliyoandikwa na mtu mmoja.

Tarakimu haijiandiki. Palikuwa na mkono ulioshika kalamu. Nayo nchi yetu, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, ni nchi ambayo zaidi ya watu 8 kati ya 10 hujiita Wakristo. Mwenye kujua hesabu na ajumlishe mwenyewe. Mikono mingi iliyoandika uongo siku ile ilikuwa imepokea Meza ya Bwana, na ikarudi kuipokea tena bila kuulizwa neno.

Maaskofu hawakuhesabu mlolongo. Viongozi wa dini waliruhusiwa hata wasiupange. Kondoo wao hawakupewa ruhusa hiyo. Basi aliyeiwakilisha imani ya Kristo uwanjani siku ile hakuwa mwenye joho na fimbo ya uchungaji. Alikuwa karani, mwalimu, naibu wa chifu na wakala wa mgombea. Mtume Paulo aliwaita waumini wote mabalozi wa Kristo. Balozi hana siku ya mapumziko ambayo nchi iliyomtuma haihusiki na matendo yake. Akisema uongo Jumatatu, ni bwana wake aliyeaibishwa.

Kwa hiyo twayapinga mafundisho mawili ambayo hayamo katika katekisimu yoyote lakini yanaaminiwa na wengi kuliko Kanuni ya Imani. La kwanza husema kwamba siasa na shughuli za serikali ni matope, na kazi ya Mkristo ni kuomba. La pili husema kwamba askofu akishakemea, sote tumekemea. La kwanza humfanya muumini kuwa mwema wa Jumapili tu. La pili humfanya ashujaike kwa ujasiri wa mtu mwingine.

Yohana Mbatizaji hakufundisha hivyo. Watoza ushuru walipomwendea, hakuwaambia waache kazi wakaishi jangwani. Aliwaagiza wasitoze zaidi ya kiwango kilichowekwa. Askari nao aliwaonya wasimnyang'anye mtu na waridhike na mshahara wao. Toba aliyoidai ilipimwa katika kitabu cha mapato na kwenye kizuizi cha barabarani. Je, ipo lugha iliyo wazi zaidi kwa Mkenya? Polisi wa trafiki anayepokea noti iliyokunjwa, karani wa ardhi ambaye faili haionekani mpaka apewe chai, mpiga kura anayeuza kura yake kwa pakiti ya unga, wote wana methali mdomoni: mkono mtupu haulambwi. Twawajibu kwamba hata mkono uliojaa haulambwi, ikiwa umejaa mali ya mjane.

Twatambua kwamba baadhi ya wachungaji wetu wameanza kufagia mlangoni pao. Mwaka 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwazuia wanasiasa kuhutubu mimbarini katika Kanisa la Anglikana. Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi, chini ya Askofu Mkuu Philip Anyolo, lilitangaza kwamba litarudisha fedha ambazo Rais William Ruto alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto. Huo ni mfano mwema. Lakini fedha za harambee zikirudishwa na maaskofu, huku waumini wakinyoosha mikono nje ya lango, tutakuwa tumehamisha soko tu.

Wala tusijidanganye kwamba habari za mlolongo zilizikwa pamoja na chama kimoja. Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais uliofanyika Agosti 8, kwa sababu, miongoni mwa nyingine, ya kasoro katika upelekaji wa matokeo na katika fomu zenyewe. Matokeo ya kura ya rais katika kila kituo huandikwa katika Fomu 34A, ambayo ofisa msimamizi wa kituo na mawakala huitia sahihi. Kila mwaka wa tano, Jumanne ya pili ya Agosti, maelfu ya kalamu hushikwa usiku huo. Nyingi hushikwa na wanakwaya, walimu wa shule za Jumapili na wazee wa kanisa.

Tutaulizwa: na mkate wa watoto je? Karani akikataa kugeuza tarakimu, akifukuzwa, atakula nini? Swali hili ni la haki, na anayelidharau hajawahi kukosa mshahara. Lakini twalielekeza panapostahili. Kapu la sadaka limepokea fedha za waliopora, na wakapewa viti vya mbele. Ni mara ngapi kapu hilohilo limefunguliwa kwa ajili ya aliyefukuzwa kazi kwa kukataa kupora? Ushirika unaomtuma balozi kisha ukamwacha afe njaa ugenini hauna haki ya kumlaumu akisaliti.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kila ushirika uwajue waumini wake watakaosimamia vituo vya kura, uwaombee kwa majina na kuwakumbusha kiapo chao. Kila ushirika utenge sehemu ya sadaka kwa ajili ya yeyote atakayepoteza riziki kwa kusema kweli. Na anayejulikana kwamba aligeuza hesabu au aliuza haki ya mnyonge asikalie kiti cha uzee wa kanisa mpaka atubu na kurudisha, kama Zakayo alivyoahidi kurudisha mara nne.

Maaskofu wamesema yao, na wengine walilipa. Sasa ni zamu ya mwenye kalamu, na ya sisi tuketio naye benchi moja.