Ndizi Nyeusi Si Ndizi Mbovu

Niliporejea nchini na shahada ya udaktari, nilikwenda Muyama kumwamkia mama yangu mkubwa. Wakati huo Muyama ilihesabiwa katika Wilaya ya Kasulu. Tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Buhigwe. Jikoni nilikuta chana la ndizi zilizogeuka nyeusi, nikamwambia, “Mama mkubwa, hizi zimeoza, heri kuzitupa.” Hakunijibu. Alizimenya, akaziponda kwa mwiko, akatia maziwa na karanga zilizotwangwa, akainjika chungu. Nilipokwisha kula bakuli la pili ndipo aliponiuliza, “Mwanangu, huko ulikosoma, kitu kilichooza hutambuliwa kwa macho tu?”

Swali hilo lilinichoma, kwa sababu miaka minne nzima nilikuwa nimechunguza vimeng’enya vinavyovunja wanga wa nafaka. Nilijua jambo hilo katika chupa za maabara, lakini sikulitambua lilipokuwa mbele yangu katika chana la ndizi. Nadhani si mimi peke yangu. Shule zetu huwafundisha vijana sayansi ya chakula, kisha huwaacha wakihukumu chakula kwa rangi ya ganda. Matokeo yake ni chakula kizuri kutupwa, na somo zuri kutupwa pamoja nacho.

Tuangalie kwanza linalotokea ndani ya tunda. Katika ndizi mbichi za aina zinazoliwa zikiiva, wanga huwa karibu sehemu 20 katika kila sehemu 100 za uzito wa nyama yake. Ndizi ikiiva kabisa, hubaki sehemu moja au mbili tu. Wanga huo haukupotea. Vimeng’enya vimeukata vipande vipande, na sehemu kubwa imekuwa sukari. Wakati huohuo vimeng’enya vingine hulegeza kuta za chembe hai, na tunda huwa laini. Weusi wa ganda nao ni jambo la peke yake: kemikali zilizomo katika ganda hukutana na oksijeni ya hewa, nazo hubadilika rangi kwa msaada wa kimeng’enya, kama kiazi kilichomenywa na kuachwa wazi. Basi ganda laweza kuwa jeusi ilhali nyama ya ndani ni safi na tamu kuliko siku zote.

Wazee wetu wameitumia elimu hii kwa muda mrefu. Wakitaka ndizi ziive upesi, huzivundika katika shimo lililotandazwa majani, na pengine huingiza moshi. Moshi una gesi iitwayo ethilini, ambayo huliamsha tunda liive. Na mwaka 1934 Richard Gane wa Uingereza alithibitisha kwamba tunda lenyewe linaloiva hutoa gesi hiyo. Ndiyo maana ndizi moja mbivu huharakisha nyingine zilizo karibu nayo. Mpika pombe ya ndizi naye anajua thamani ya ndizi iliyoiva mno. Yeye hasemi zimeoza. Anaitafuta sukari ileile, kwani bila sukari hamira haina cha kugeuza kuwa pombe. Kwa nini basi sukari hiyo ionekane mali ikienda katika mtungi wa pombe, na takataka ikiwa ingeweza kwenda katika bakuli la mtoto?

Mwalimu anaweza kuyathibitisha haya kwa kipindi kimoja. Achukue ndizi tatu za aina moja: mbichi, ya manjano, na yenye ganda jeusi. Akate kipande cha kila moja, adondoshee matone ya iodini iliyozimuliwa. Ndizi mbichi itageuka buluu iliyokoza hadi kuelekea weusi, ishara ya wanga mwingi. Ya manjano itabadilika kidogo. Ile ya ganda jeusi itabaki takriban na rangi ya iodini yenyewe. Vipande vilivyotiwa iodini visiliwe.

Ndizi zilizobaki zipikwe. Kwa watu wanne zatosha ndizi nne zilizoiva mno, kikombe kimoja cha maziwa, vijiko vitatu vya karanga zilizokaangwa na kutwangwa, na chumvi kidogo sana. Ponda ndizi, changanya na maziwa, weka juu ya moto mdogo ukikoroga kwa dakika kumi hivi, kisha tia karanga. Moto usiwe mkali, maana ndizi ina asidi kidogo na maziwa yaweza kukatika. Sukari haihitajiki, imekwisha kutengenezwa na tunda lenyewe. Kitindamlo hiki kiliwe kingali moto. Joto huirusha harufu ya ndizi ikafika puani kabla ya kijiko kufika mdomoni, na katika baridi ya jioni za mwezi Juni kwenye milima ya Buha hilo si jambo dogo. Huko pwani wenzetu hupika ndizi mbivu kwa tui la nazi na iliki. Sisi wa bara tuna maziwa na karanga.

Sisemi kwamba kila ndizi nyeusi inafaa. Mwanafunzi afundishwe kumenya ganda na kuchunguza. Ikiwa nyama ina ukungu, inatoa maji yenye utelezi, au inanuka uchachu na pombe, hiyo imeharibika na itupwe. Karanga nazo zichambuliwe, zenye ukungu au zilizonyauka ziondolewe, kwa kuwa sumukuvu haiondolewi na moto wa jikoni. Kupima namna hii ndiko kunakomtenga mwanasayansi na mtu wa mazoea, awe mzee anayekula kila kitu au msomi anayetupa kila kitu.

Wako watakaosema kwamba shule hazina maabara za kutosha, na mhadhiri analeta mapishi. Nami najibu kwamba upungufu wa vifaa ndio sababu ya kuanza na kile kilichopo. Wako pia watakaosema kwamba jiko ni la wasichana. Vimeng’enya havijui mvulana wala msichana, na kijana asiyeweza kueleza kwa nini ndizi imekuwa tamu hajaijua kemia, hata akikariri kanuni zake zote. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya elimu inayomtenga kijana na jamii yake. Sikuuelewa uzito wa onyo hilo mpaka nilipokaa kwenye kigoda katika jiko la Muyama, na bakuli tupu mkononi.

Mama mkubwa hakujua neno kimeng’enya, nami sikujua kwamba ndizi ile inalika. Kila mmoja wetu alikuwa na nusu ya elimu. Ndugu walimu, kazi yenu ni kuziunganisha nusu hizo mbili darasani, na chana moja la ndizi latosha kuanzia.