AJALI YA SIMU INA KINGA

*UJUMBE WA TAWI KWA WANACHAMA WOTE*



Kila tunapomzika aliyefia barabarani tunasema "ajali haina kinga". Uongozi wa Tawi unasema wazi: kama dereva alikuwa anasoma meseji, msemo huo unamfunika mkosaji na kumsingizia Mungu.

Tufanye hesabu. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, linakata mita 22 kila sekunde. Dereva akiinamia simu sekunde 5, amekwenda mita 110 bila kuona. Ni kama kutoka goli hadi goli pale Uwanja wa Jamhuri ukiwa umefumba macho. Katika mita hizo, iwe njia ya Kibaigwa au ya Kondoa, kuna mtoto anaswaga mbuzi, kuna mama na ndoo, kuna mzee na baiskeli yake.

Jiji letu nalo limebadilika. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, magari na bodaboda vimeongezeka sana. Vijana wengi wa Tawi hili wanakula kwa bodaboda, na wengine wanachomeka simu ndani ya helmeti huku wamebeba abiria.

Barabara haichagui cheo. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Sokoine alitoka bungeni hapa Dodoma akielekea Dar es Salaam. Ajali ikamwua Dakawa, Morogoro. Ikiwa Waziri Mkuu hakusalimika, abiria wa bodaboda ana ulinzi gani?

Wapo watakaosema hii ni kazi ya trafiki. Trafiki hawezi kukaa ndani ya kila gari. Anayempigia dereva mara nne mfululizo kumuuliza "umefika wapi?" ni sisi. Anayetaka ajibiwe humu kwenye grupu saa hiyo hiyo ni sisi.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo:

*1.* Ukijua mtu anaendesha, usimpigie. Viongozi tuanze sisi. Hakuna atakayelaumiwa kwa kuchelewa kujibu.

*2.* Dereva, simu mpe abiria, au paki pembeni ndipo upokee.

*3.* Abiria, sema. Kumwambia dereva "weka simu chini" si utovu wa adabu. Umelipa nauli ili ufike.

*4.* Kwenye misafara ya Chama, anayerekodi video huku anaendesha asipewe tena gari wala bendera yetu. Hatuwezi kuomba imani ya wananchi huku tunawahatarisha watoto wao.

Tumechanga rambirambi za kutosha. Tuanze kuchunga walio hai.

Ujumbe huu usomwe ukiwa umesimama. Kama uko barabarani, weka simu chini, utaukuta ukifika.

_Imetolewa na Katibu Mwenezi wa Tawi, Dodoma_