Chombo cha Sikio na Lugha ya Mikono

Wako watu wasemao kwamba mtoto kiziwi akiisha kupandikizwa chombo cha kusikilia, haifai tena kufundishwa ishara. Eti mikono ikizoea kusema, ulimi utalala. Nayakana maneno haya, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza tukitendee haki chombo chenyewe. Mwaka 1961, mjini Los Angeles, daktari William House alianza kuwapandikizia watu wazima vyombo vya namna hii, na mwaka 1990 Marekani iliruhusu watoto wa miaka miwili na zaidi wapandikizwe. Sehemu ya nje hunasa sauti. Ya ndani huusisimua kwa umeme mshipa wa kusikia, bila kupitia mahali palipoharibika. Wengi waliopandikizwa mapema hujifunza kusema, na wako wasomao bega kwa bega na wenzao wasikiao. Hii ni neema.

Lakini neema si muujiza. Chombo hakirudishi sikio la kuzaliwa, na katika makelele ya darasa maneno huchanganyika. Baada ya upasuaji yatakiwa mazoezi ya miaka, betri, vipuri na mwalimu wa matamshi. Tena matokeo hayalingani: katika watoto wawili wa umri mmoja, mmoja huzungumza kwa ufasaha, mwingine huambulia maneno machache. Hakuna daktari awezaye kumhakikishia mzazi kuwa wake ni yupi.

Basi nauliza: huyu wa pili, tuliyemnyima ishara tukingojea ulimi wake, atafikiri kwa lugha gani? Samaki hukunjwa angali mbichi, na akili ya mtoto haingoji. Akosaye lugha utotoni huingia darasani hajui kuuliza wala kusimulia, na hasara hiyo haiondolewi na mashine.

Wapinzani watanijibu kwamba wako wataalamu walioona watoto waliofundishwa kwa sauti tupu wakisema vizuri zaidi. Kweli, na wako wengine walioona kuwa ishara hazikuwazuia watoto kusema. Wenye elimu hawajaafikiana. Lakini tupime hasara mbili. Aliyejifunza ishara asizihitaji, amepoteza nini? Aliyezihitaji akanyimwa, amepoteza utoto wake.

Kosa hili si geni. Mwaka 1880 walimu waliokutana Milan, Italia, waliazimia kwamba viziwi wafundishwe kwa kinywa, na ishara zikafukuzwa katika shule nyingi. Ilipita miaka 130 kabla mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Vancouver, Kanada, mwaka 2010, kuyakataa maazimio hayo. Mwaka uo huo Katiba ya Kenya iliiagiza Serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya. Je, tulichokitoa mlangoni tukirudishe dirishani kwa kisingizio cha chombo kipya?

Mpeni mtoto chombo, ikiwa chapatikana. Mpeni na ishara, ambazo hazihitaji betri. Mwenye njia mbili hapotezwi na kufungwa kwa moja.