Hadhira kama Mhakiki: Mapokezi ya Kipindi Kimoja cha Safari ya Wakati

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kusisitiza kwamba fasihi simulizi haikamiliki bila hadhira. Tunawafundisha wanafunzi wetu kwamba fanani atamkapo "Paukwa!" asijibiwe "Pakawa!", ngano haianzi. Lakini tugeukiapo kazi zinazotolewa kwa njia ya televisheni, imani hiyo tunaiweka kando. Hadhira ya televisheni tunaichukulia kuwa kundi la watu wanaopokea tu, na mashabiki hasa tunawaona kuwa wamepofushwa na mapenzi hata hawawezi kupima wakipendacho.

Makala haya yanaupinga mtazamo huo. Tunadai kwamba mapokezi ya mashabiki ni uhakiki wenye vigezo vyake, na kwamba mara nyingine maswali yao huufikia moyo wa kazi mapema kuliko nadharia zetu. Hata hivyo, hatudai kwamba hadhira haikosei. Wajibu wa mtaalamu ni kuujibu uhakiki huo: asiudharau, wala asiusujudie. Tutalithibitisha dai letu kwa kuchunguza mapokezi ya kipindi kimoja cha mfululizo wa Kimarekani wa Star Trek, kiitwacho The City on the Edge of Forever, yaani "Mji Ukingoni mwa Milele", kilichoonyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 6 Aprili 1967.

2.0 Kisa chenyewe

Daktari McCoy, tabibu wa chombo cha angani, anajidunga dawa kwa bahati mbaya na kupatwa na wazimu. Anakimbilia sayari yenye magofu, na humo anajitosa katika lango linaloweza kumpeleka mtu wakati wowote uliopita. Papo hapo chombo chao kinatoweka angani, kwani daktari amebadilisha jambo fulani katika historia. Waliobaki ni watu wachache tu waliosimama karibu na lango, akiwemo Uhura, mhusika ambaye jina lake limetokana na neno letu "uhuru".

Nahodha Kirk na msaidizi wake Spock wanamfuata daktari hadi New York ya mwaka 1930, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Huko wanapokewa na Edith Keeler, mwanamke anayewalisha maskini na kuwahubiria matumaini. Kirk anampenda. Kisha Spock anagundua kwamba Edith ana hatima mbili. Katika moja anakufa katika ajali ya barabarani. Katika nyingine anaishi, anaongoza harakati za amani, Marekani inachelewa kuingia katika Vita Kuu ya Pili, na Ujerumani inatangulia kuunda bomu la atomiki na kushinda vita. Ili historia irejee ilivyokuwa, Edith hana budi kufa. Lori linapomjia, McCoy anataka kumwokoa, na Kirk ndiye anayemzuia.

3.0 Mashabiki na swali la mantiki

Mashabiki wa mfululizo huu hawakuwa watazamaji wa kukaa kimya. Mwaka huohuo wa 1967 walianza kuchapisha jarida lao wenyewe, Spockanalia, na barua zao nyingi kwa kituo cha televisheni cha NBC zilichangia mfululizo kuongezewa msimu wa tatu. Henry Jenkins, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu mashabiki wa televisheni, aliwafananisha na majangili: huingia katika matini wasiyoimiliki, wakatwaa humo wanachokihitaji.

Maswali waliyoyaibua kuhusu kipindi hiki yanafahamika sana miongoni mwao. La kwanza ni hili: ikiwa historia imebadilika na chombo hakikuwahi kuwapo, imekuwaje Kirk na wenzake wakabaki? Wengi hujibu kwamba ukaribu wao na lango uliwakinga. La pili ni zito zaidi: kwa nini Kirk hamchukui Edith na kurudi naye? Ikiwa kinachohitajika ni Edith asiwepo mwaka 1936 kuongoza harakati za amani, basi kuhamishwa kwake kungetosha sawasawa na kifo chake.

La tatu linahusu tukio dogo. McCoy, akiwa bado na wazimu, anazirai usiku mtaani. Maskini mmoja anamwibia silaha yake, anaichezea bila kujua ni nini, nayo inamteketeza asibaki hata alama. Mtu huyo alikufa kwa sababu ya msafiri wa wakati, lakini historia haikutikisika. Mashabiki wanauliza: kwa nini uhai wa Edith ubadilishe dunia nzima, na kifo cha maskini huyu kisibadilishe chochote?

Msomi anaweza kuyaita maswali haya mchezo wa akili. Sisi tunayaona kuwa ni uhakiki wa muundo. Swali la pili linabainisha kwamba kifo cha Edith hakidaiwi na kanuni za safari ya wakati zilizowekwa na kisa chenyewe; kinadaiwa na utanzu wa tanzia. Kwa maneno mengine, si historia iliyoamua Edith afe, bali ni watunzi. Swali la tatu nalo linafichua falsafa ya historia iliyomo katika kisa: kwamba historia huendeshwa na watu wachache mashuhuri, ilhali akina yahe waweza kufutwa bila hesabu kuharibika. Falsafa hiyo tumeijadili mara nyingi tukihakiki riwaya na tamthilia zetu za kihistoria. Hapa imeibuliwa na watazamaji wasiojiita wahakiki.

4.0 Tuzo mbili, matini mbili

Suala jingine ambalo mapokezi ya kipindi hiki yanaliweka bayana ni lile la umiliki wa kazi. Aliyetajwa kuwa mtunzi ni Harlan Ellison, lakini mswada wake uliandikwa upya na watu kadhaa, wakiwemo Gene L. Coon, D. C. Fontana na mwanzilishi wa mfululizo, Gene Roddenberry. Katika mswada wa awali, anayevuruga historia si daktari aliyepatwa na ajali bali ni baharia mhalifu anayeuza dawa za kulevya. Muhimu zaidi, saa ya kuamua inapofika, nahodha anashindwa kutenda linalompasa, na Spock ndiye anayezuia Edith asiokolewe.

Mwaka 1968 matini zote mbili zilituzwa. Chama cha waandishi wa filamu na televisheni cha Marekani kilimtuza Ellison kwa mswada wake wa awali. Tuzo ya Hugo, ambayo hutolewa kwa kura za wanachama wa kongamano la kimataifa la wapenzi wa bunilizi za kisayansi, ilikwenda kwa kipindi kilichoonyeshwa. Hivyo waandishi walimheshimu mwandishi, na hadhira ikaheshimu ilichokiona. Ellison hakuridhika, mwaka 1996 alichapisha mswada wake kama kitabu pamoja na malalamiko marefu, na ubishi kuhusu matini iliyo bora uliendelea hata baada ya kifo chake mwaka 2018.

Ni nani aliyekuwa sahihi? Kwa maoni yetu, swali hilo limeulizwa vibaya. Nahodha wa Ellison ni binadamu anayeshindwa na mapenzi. Nahodha wa televisheni ni kiongozi anayeyashinda mapenzi na kubaki na majuto. Hizo ni dhamira mbili, na kila moja ina uzito wake. Mtaalamu wa fasihi simulizi hashangai kukuta ngano moja ina matoleo mawili, wala hatafuti lipi la kutupa; huuliza kila toleo lilisimuliwa na nani, kwa nani, na kwa haja gani. Wafuasi wa kipindi wangenufaika kwa kuuliza vivyo hivyo, na sisi tungenufaika kwa kukumbuka kwamba utaalamu huo tunao tayari.

5.0 Amani ya Edith Keeler

Kuna jambo, hata hivyo, ambalo mapenzi ya hadhira yalielekea kulipita upesi. Wengi walimlilia Edith, na wengi walimhurumia Kirk. Lakini msingi wa kisa ni dai la kisiasa: kwamba mpigania amani, hata awe na nia njema kiasi gani, ni hatari kwa taifa asipojua wakati wake. Kisa chenyewe kinakiri kwamba msimamo wake ni sahihi, ila wakati wake haujafika.

Dai hilo halikutolewa katika ombwe. Tarehe 4 Aprili 1967, siku mbili kabla ya kipindi kuonyeshwa, Martin Luther King alihutubia katika kanisa la Riverside, New York, akaipinga hadharani vita ya Vietnam. Tarehe 15 ya mwezi huohuo maandamano makubwa ya kupinga vita yalifanyika katika jiji hilohilo ambamo Edith wa kubuni aliuawa na lori. Kipindi kilikuwa kimekwisha kuandikwa na kupigwa picha kabla ya hotuba hiyo, kwa hiyo hatusemi kwamba kilikuwa jibu kwa King. Tunasema kwamba kilipokewa katika nyumba ambamo vita ilikuwa habari ya kila jioni. H. Bruce Franklin, katika makala yake ya mwaka 1994 kuhusu mfululizo huu na vita ya Vietnam, alikihusisha kipindi hiki na itikadi iliyoiona harakati ya amani kuwa kikwazo kwa maendeleo ya historia.

Hapa ndipo mtaalamu anapopaswa kuingia, na silaha anayoihitaji amekwisha kupewa na mashabiki. Ikiwa Edith angeweza kuhamishwa badala ya kufa, basi kifo chake ni uamuzi wa kiitikadi uliovishwa vazi la lazima ya kihistoria. Ikiwa maskini anaweza kuteketea bila historia kujali, basi historia inayolindwa na Kirk ni ya wenye mamlaka, si ya wale waliokuwa wakipokea supu mikononi mwa Edith. Mashabiki waliyaona yote mawili. Ambacho mara nyingi hawakukifanya ni kuyaunganisha.

Wengine, hata hivyo, walikaribia sana. Mwaka 2006 David R. George III alichapisha riwaya inayofuata maisha ya McCoy katika dunia ile ambamo Edith hakufa. Kwa kukataa kumfuta Edith haraka, riwaya kama hiyo inakihakiki kipindi kwa njia ya utunzi. Hatuna budi kuikubali njia hiyo, sisi ambao ushairi wetu umejaa majibizano, shairi moja likitungwa ili kulijibu jingine.

6.0 Hitimisho

Wapo watakaouliza jarida la Kiswahili linatafuta nini katika kipindi cha Kimarekani. Jibu letu ni kwamba wanafunzi wetu wanavitazama vipindi vya aina hii, wanavijadili kwa Kiswahili, na wakiingia darasani wanayaacha mlangoni maswali waliyokuwa wakiulizana, kwa kudhani kwamba si ya kitaaluma. Hiyo ni hasara. Kijana anayeuliza kwa nini Edith hakuchukuliwa angeweza kuuliza vilevile wakati unafanya kazi gani katika Nagona ya Kezilahabi, au nani anafutwa na nani anakumbukwa katika riwaya zetu za ukombozi.

Tunapendekeza, basi, kwamba utafiti wa mapokezi usiishie kwenye utendaji wa ngano na mashairi. Hadhira za televisheni nazo zihojiwe, ubishi wao urekodiwe, na mantiki yao ipimwe kwa makini yaleyale tunayowapa wahakiki waliochapishwa. Hadhira ikikosea, tuikosoe waziwazi, kama tulivyofanya hapa kuhusu amani ya Edith. Lakini kuikosoa kunatulazimu kwanza kuisikiliza. Fanani anayesema "Paukwa!" kisha akaziba masikio hana haki ya kulalamika kwamba hakuitikiwa.