Mchezo Usiouzwa: Mazuri na Mapungufu ya Battle for Wesnoth

Wapo wenzetu ambao wakisikia tu maneno "mchezo wa kompyuta" hufikiri mambo mawili: kutupa fedha na kutupa muda. Katika makala hii napenda kuzungumzia mchezo mmoja ambao kwa habari ya fedha hauna kesi ya kujibu. Kwa habari ya muda, nakiri mapema kwamba kesi ipo, nami nitaifikia.

Mchezo huo ni Battle for Wesnoth. Ulianzishwa na David White, akautoa kwa mara ya kwanza mwaka 2003, na toleo lililohesabiwa kuwa kamili, yaani 1.0, likatoka mwaka 2005. Tangu wakati huo umeendelezwa na watu wanaojitolea: waandishi wa programu, wachoraji, watunzi wa muziki, watafsiri na watunzi wa hadithi. Haukuwa na kampuni kubwa nyuma yake wala bajeti ya kulipa mamia ya wafanyakazi. Kwenye kompyuta unapatikana bure, na leseni yake inamruhusu yeyote kuusoma ndani, kuubadili na kuugawa. Ukishaunakili katika flashi unaweza kumpa jirani yako bila kumwibia mtu. Hauhitaji kompyuta ya kisasa, na ukishauweka hauhitaji intaneti kuucheza peke yako. Kwetu sisi tunaonunua bando kwa kuhesabu, hilo si jambo dogo.

Lakini kitu cha bure si lazima kiwe kizuri. Basi tuuangalie kwa haki, mazuri yake na mapungufu yake.

Unavyochezwa

Anayecheza bao au drafti atauelewa upesi, maana ni mchezo wa zamu. Unapanga, unasogeza, unapiga, kisha unamwachia mwenzako. Uwanja wake ni ramani iliyogawanywa katika vyumba vya pembe sita: msitu, mlima, mto, kijiji, ngome. Una kiongozi na dhahabu kidogo ya kuajiri askari. Vijiji unavyoviteka hukuletea mapato, na askari aliyejeruhiwa akilala kijijini hupona polepole. Wapiganaji ni wa jamii za kubuni: binadamu, Waelfi wa msituni, Wadwafu ambao ni watu wafupi wa milimani, Waorki wakali, na jeshi la mifupa na misukule.

Uzuri wa kwanza: kanuni chache, mawazo mengi

Nguvu kubwa ya mchezo huu ni kwamba kanuni zake zinaweza kuelezwa jioni moja, lakini kuzitumia vizuri huchukua miezi. Chukua mambo mawili tu, ardhi na saa.

Ardhi ndiyo inayoamua ni rahisi kiasi gani kumpiga askari. Mwelfi akisimama katikati ya miti, mapigo mengi yanayomwelekea yatapita kando. Mtoe kwenye uwanja wa majani, na sasa adui ana nafasi ya asilimia 60 kwa kila pigo. Mdwafu mlimani ni kama jiwe juu ya jiwe, lakini mtelemshe mtoni uone anavyotaabika.

Saa nazo zina maana. Siku moja katika mchezo ina zamu sita, kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane. Kuna wapiganaji wa mchana, kama askari wengi wa kibinadamu, ambao jua likiwaka nguvu ya mapigo yao huongezeka kwa asilimia 25, na usiku hupungua kwa kiasi hicho hicho. Kwa Waorki na misukule mambo hugeuka: mchana wamelegea, usiku wanatisha. Waelfi wengi hawaguswi na hali hiyo.

Ukiziunganisha kanuni hizo mbili unapata fundisho la kweli la uongozi. Mara nyingi swali halihusu kama unaweza kumpiga adui. Swali ni kama saa hii, mahali hapa, inafaa. Nimeona wachezaji wenye jeshi kubwa wakishindwa kwa sababu walishindwa kurudi nyuma jua lilipokuwa linazama. Kurudi nyuma waliona ni aibu, na zamu tatu baadaye hawakuwa na jeshi la kurudisha.

Uzuri wa pili: bahati

Hapa najua nitapingana na wengi. Lalamiko linalosikika zaidi juu ya mchezo huu ni kwamba una bahati nasibu nyingi. Unapanga vizuri, unamzunguka adui, halafu askari wako anakosa mapigo yote. Mchezaji wa bao hukasirika zaidi, kwa kuwa katika bao kete zote ziko wazi. Ukishindwa umeshindwa kwa akili yako, hakuna wa kumsingizia.

Mimi nadhani lalamiko hilo linakosea shabaha. Kwanza, bahati ya mchezo huu haijifichi. Kabla ya kupiga, mchezo wenyewe unaweza kukuonyesha hesabu: askari wako ana nafasi kiasi gani ya kuua na kiasi gani ya kufa. Mapigo ya uchawi, kwa mfano, yana nafasi ya asilimia 70 ya kumpata adui popote alipo. Mchawi wa ngazi ya kwanza hupiga mara tatu. Uwezekano wa kukosa zote tatu ni asilimia 2.7. Ni mdogo, naam, lakini ukifanya mashambulizi mia moja ya namna hiyo, tarajia jambo hilo litokee kama mara tatu. Anayelia kwamba ameonewa mara nyingi hajahesabu. Mchezo una hata ukurasa wa takwimu unaolinganisha madhara uliyofanya na yale yaliyotarajiwa. Mara kadhaa niliufungua nikiwa na hasira, nikakuta kwamba bahati yangu ilikuwa ya kawaida tu. Kilichokuwa kibovu ni mpango.

Pili, na hili ndilo kubwa, mpango mzuri ni ule unaobaki umesimama hata pigo moja likienda vibaya. Mtu anayeweka ushindi wake wote juu ya pigo moja la asilimia 70 hana mpango, ana matumaini. Mkulima anayepanda mahindi peke yake akitegemea mvua ifike wiki fulani anajua ninachosema. Hatuitawali mvua, lakini tunaweza kuacha akiba ghalani. Mchezo unaomzoeza kijana kuuliza "na hili likishindikana, nitafanya nini?" hauwezi kuitwa mchezo wa kubahatisha.

Uzuri wa tatu: hadithi zenye uzito

Pamoja na mchezo huja kampeni nyingi, yaani hadithi ndefu za mapambano yanayofuatana. Maarufu zaidi ni Heir to the Throne, ya kijana Konrad aliyelelewa na mzee Delfador miongoni mwa Waelfi, akimkimbia Malkia Asheviere. Ni hadithi ya kawaida ya mrithi aliyenyang'anywa kiti.

Iliyonigusa zaidi ni nyingine, Descent into Darkness. Ndani yake kijana Malin Keshar anataka kuulinda mji wake wa Parthyn dhidi ya Waorki. Askari hawatoshi. Anajua njia moja iliyokatazwa, nayo ni kuwaamsha maiti wapigane. Anaitumia, kwa nia njema. Watu wake wenyewe wanamfukuza. Anazidi kwenda, kila hatua ikiwa na sababu yake inayoeleweka, hadi mwisho yeye mwenyewe si mtu hai tena.

Wapo miongoni mwetu wanaosema mchezo wenye uchawi na misukule haufai kuonekana katika kompyuta ya mseminari. Siwadharau. Katika vijiji tunakotoka, neno "msukule" si la kuchezea, na familia zimevunjika kwa tuhuma za aina hiyo. Lakini ningewaomba waitazame hadithi ya Malin kabla ya kuhukumu. Darasani tunafundishwa kwamba lengo jema haliitakasi njia mbaya. Tunaliandika kwenye daftari na kulirudia kwenye mtihani. Katika kampeni hii ni wewe unayebonyeza. Ni wewe unayefurahi misukule yako inapoongezeka, kwa sababu inasaidia. Ukifika mwisho unagundua kwamba hukuona ni wapi ulipovuka mpaka. Sifahamu mifano mingi inayolionyesha jambo hilo kwa uwazi namna hii.

Mapungufu

Sasa tuseme yasiyopendeza.

La kwanza ni sura. Michoro imetengenezwa na mikono mingi kwa miaka mingi, na inaonekana. Picha moja ya mhusika ni ya fundi stadi, inayofuata ni ya mtu anayejifunza. Uandishi wa kampeni nao uko hivyo hivyo. Hili ni tunda la kujitolea, nami nalisamehe kwa urahisi.

La pili ni akili ya kompyuta. Mpinzani wako wa kompyuta ni mkali lakini si mwerevu. Hukimbilia mashambulizi hata saa isiyomfaa, na mara nyingi huacha mstari wake ili kumfuata askari mmoja aliyejeruhiwa au kijiji kilicho wazi. Ukishamjua unaweza kumtega kila mara. Kwa sababu hiyo watunzi wa kampeni nyingi humwongezea adui dhahabu na idadi ili akusumbue. Ugumu unaotokana na wingi si sawa na ugumu unaotokana na akili. Tiba yake ni kucheza na mtu. Mchezo unaruhusu watu wawili kupokezana kompyuta moja, na hapo ndipo unapong'aa.

La tatu ndilo zito. Katika kampeni, askari waliopona huendelea nawe katika pambano linalofuata. Wanakua, wanapanda ngazi, unawaita tena kwa dhahabu 20. Ni jambo zuri, kwa maana unaanza kuwajali. Lakini matokeo yake ni kwamba makosa hulimbikizana. Unaweza kushinda pambano la nane huku ukiwa umekwisha kulipoteza la kumi na mbili bila kujua, kwa kuwa uliwamaliza wakongwe wako. Mchezo haukuonyi. Unakuja kugundua saa kumi za uchezaji baadaye.

Na papo hapo, mchezo huo huo unahifadhi hali yako kila zamu. Mlango wa kurudi nyuma uko wazi daima. Askari mpendwa akifa, unarudisha zamu na kujaribu tena. Nami nimefanya hivyo. Nilikuwa na mpiga upinde niliyemlea tangu pambano la kwanza. Nilimpeleka mbele usiku, kwa pupa, akauawa. Nikarudisha. Akauawa tena. Mara ya tano akapona, nami nikaendelea kana kwamba ni ushujaa wangu. Kumbe sikujifunza lolote. Kosa langu la kumpeleka mbele usiku lilibaki palepale, nilichobadilisha ni matokeo tu.

Kwa hiyo nasema: kasoro ya mchezo huu si bahati yake. Kasoro ni kwamba unamwadhibu mchezaji kwa mbali sana, kisha unamkabidhi ufunguo wa kukwepa adhabu. Mgeni asiye na nidhamu atautumia ufunguo huo hadi mchezo wote upoteze maana. Watunzi wangeweza kuwasaidia wageni kwa kuonyesha mapema kwamba jeshi lao limekwisha dhoofika kuliko inavyotakiwa.

La nne ni la michezo yote ya zamu: "zamu moja tu, halafu nilale." Zamu haina mwisho wa asili. Bao huisha, mpira hupigiwa filimbi, lakini kampeni yenye mapambano zaidi ya 20 haina filimbi. Filimbi lazima uwe nayo mwenyewe.

Ushauri wangu

Je, ninaupendekeza? Ndiyo, kwa masharti matatu ambayo nimejiwekea na ambayo yameubadili kabisa mchezo kwangu. Kwanza, sirudishi zamu. Nikishindwa pambano, nalianza upya tangu mwanzo. Nikishinda kwa hasara, nabeba hasara. Pili, sichezi zaidi ya pambano moja kwa siku, tena siku za mapumziko tu. Tatu, nikiweza kumpata mwenzangu wa kucheza naye, siichezi kompyuta.

Tangu nianze kufuata sharti la kwanza nimepoteza kampeni mbili nzima. Ya tatu nimeimaliza nikiwa na askari wachache, nusu yao wakiwa wageni, bila hata mmoja wa wale niliowapenda mwanzoni. Hata hivyo nakumbuka kila mmoja alianguka wapi, na kwa sababu gani.